Mtu Huyu Pichani

Ndugu zangu, asubuhi ya leo nimekuja na habari ya kompyuta, na tayari naona mama zangu wa viti vya mbele wananitazama kama nimeingia kanisa lisilo langu. Nivumilieni kidogo. Kompyuta imo, lakini habari yenyewe ni ya watoto wawili wa mama mmoja.

Palikuwa na mfuga nyuki mmoja. Mizinga yake ilikuwa porini upande wa Sikonge, duka lake lilikuwa Tabora mjini, na asali yake ilikuwa na jina. Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, ndiye mkono wake wa kulia. Huyo ndiye aliyepeleka asali kwa wateja, akakusanya oda, akatukanwa kwa niaba ya kaka yake pale mzigo ulipochelewa. Na kwa kuwa dunia imebadilika, mfuga nyuki akajitengenezea tovuti. Alijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kuharibu, mpaka ule mfumo wa kuendeshea tovuti akaujua hadi uvunguni. Akaupachikia programu ya kupokea oda, nyingine ya kuonyesha picha za mizinga, nyingine ya matangazo. Akachezea rangi mpaka ukurasa mzima ukawa wa rangi ya asali. Mgeni akiingia dukani, kabla hajaonjeshwa asali ameshaonyeshwa tovuti.

Siku moja asali ikaanza kurudishwa. Wateja wakasema imechanganywa na shira ya sukari. Nani alikuwa anaipeleka? Mdogo mtu. Basi, yakawa yamekwisha, kaka hakuuliza mara mbili.

Na mnaijua desturi yetu. Mtu akituharibia kazi, hatutosheki kumfukuza, lazima tumwanike. Zamani tulimpeleka gazetini, siku hizi tunampeleka mtandaoni. Kaka akaweka picha ya mdogo wake juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, na chini yake maneno haya: "Umma unatangaziwa kuwa mtu huyu pichani si mfanyakazi wetu tena. Atakayefanya naye shughuli yoyote, atajua mwenyewe."

Mdogo mtu akabeba begi moja akaenda zake Mpanda. Huko alijaribu kazi pekee aliyoijua, ya asali. Lakini kila mnunuzi aliyetafuta jina lake kwenye simu alikutana na uso wake na lile tangazo. Akaishia kubeba magunia stendi.

Mwaka haujaisha, mfanyakazi mmoja wa dukani, wa kujaza chupa, akakutwa stoo, sufuria ya shira iko mbele yake, bado inatoa mvuke. Akakiri yote. Mdogo mtu hakuwa na kosa hata kidogo.

Mama yao aliposikia, alikwenda dukani kwa miguu yake. Akapewa kiti, hakukikalia.

"Mwanangu, ulimtangaza mbele za watu," alisema. "Sasa mtoe mbele za watu."

"Nitamtoa, mama. Leo hii hii."

Na alikuwa na nia, tusimwonee. Mama alipoondoka tu, aliingia kwenye mfumo wake kwa nywila yake, mfumo ukamwambia ile programu ya matangazo imepitwa na wakati, haitamruhusu kufuta kitu mpaka aisasishe. Akasita. Programu ile alikuwa ameichezea kwa mkono wake, akaogopa kwamba akiisasisha marekebisho yake yote yatapotea na ukurasa utavurugika. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Ya pili hakujiambia. Kufuta peke yake kusingetosha, ilimpasa aandike tangazo jingine palepale juu, aseme, "Nilikosea." Na neno hilo, mbele ya wateja wake, lilimshinda.

Lakini kila asubuhi alipofungua tovuti kuangalia oda, uso wa mdogo wake ulikuwa pale unamtazama. Ulimchoma sana. Ndipo akatafuta kiendelezi, akakiweka. Kwa ambao hamjui, kiendelezi ni kijiprogramu unachobandika kwenye kile kivinjari unachofungulia mtandao, ili kikutumikie utakavyo wewe. Hiki cha kwake kazi yake ilikuwa kuficha. Usichopenda kukiona kwenye ukurasa unakigusa, kinatoweka. Lakini kinatoweka kwako tu, kwenye mashine yako. Dunia nzima inaendelea kukiona kama kilivyokuwa. Yeye alilijua hilo vizuri, maana hakuwa mgeni wa mambo haya. Akaugusa uso wa mdogo wake, ukatoweka, akashusha pumzi. Akajisemea, wiki ijayo nitaliondoa inavyopaswa.

Kesho yake mama akarudi. "Umemtoa?"

Aliigeuza kompyuta ikamwelekea mama. Mama akavaa miwani yake, akatafuta juu mpaka chini, hakuona picha. Akalia palepale dukani, akamshika mwanawe kichwa akambariki. Niwaulize, ungekuwa wewe, mama yako anakubariki kwa machozi, ungesema, "Ngoja kwanza, bado halijatoka"? Alinyamaza.

Wiki ijayo ikaja, hakuna kilichomkumbusha. Ukurasa wake ulikuwa safi kila alipoufungua. Baada ya miezi mitatu ungemwuliza, angekuapia kwamba alilifuta.

Mama naye hakukaa kimya. Akapiga simu Mpanda. "Mwanangu, rudi nyumbani. Kaka yako amekutoa. Nimeona kwa macho yangu haya mawili."

Naye akajibu, "Sawa, mama."

Hakuja. Krismasi ikapita, Pasaka ikapita, hakuja. Mama akaanza kukonda. Na kaka mtu akaanza kuudhika. Akasimama katika jumuiya akasema, "Wapendwa, mniombee mdogo wangu. Ana moyo mgumu. Mimi nimeshamsamehe, yeye hataki kurudi." Lisikieni neno hilo, ndugu zangu. Amemsamehe! Nani alimkosea nani? Na jumuiya ikapiga magoti ikamwombea mwenye moyo mgumu.

Siku moja simu ikapigwa kutoka Mpanda. Mdogo wako ana nimonia, yuko hospitali, njoo upesi. Alikwenda. Alipofika alikuwa amechelewa kwa saa chache.

Aliyempokea alikuwa mama mwenye nyumba aliyokuwa amepanga mdogo wake, mtu wa makamo, mpole. Alimpeleka kwenye chumba, akamwonyesha lile begi moja, ndoo na godoro. Kisha akasema, "Baba, pole sana. Marehemu alikuwa mtu mwema. Lakini kuna jambo lilikuwa linanishangaza. Yeye alikuwa na kile kisimu kidogo cha kupiga tu. Basi kila Jumapili tukitoka ibadani, ananiomba simu yangu. Anafungua kitu kimoja tu, anakitazama, ananirudishia."

"Kitu gani?"

"Nami nilikuwa namwuliza hivyo hivyo. Ananijibu neno moja, 'Bado.' Kila Jumapili, 'Bado.' Hata ile ya mwisho, akiwa anakohoa."

Akaifungua simu yake, akampa.

Kaka mtu akaona ukurasa wake, rangi ya asali, na juu kabisa uso wa mdogo wake. Picha ile alikuwa ameikata kutoka kwenye picha ya familia, na pembeni bega la mama yao lilikuwa bado linaonekana, limeegemea la mwanawe. Mtu huyu pichani si mfanyakazi wetu tena. Hapo akaelewa kwa nini hakurudi. Mama alimwambia amejionea kwa macho yake, naye kila Jumapili akaona kwa macho yake. Amekufa akiamini kwamba kaka yake hamtaki, na kwamba mama yake alikuwa anamdanganya ili amliwaze.

Mtu mzima yule alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, mpaka majirani wakaja.

Walipomaliza kuzika, alirudi dukani. Akaisasisha ile programu aliyokuwa akiiogopa. Haikuvuruga kitu. Akafuta tangazo, akaandika mahali pake, "Nilikosea. Mdogo wangu hakuwa na hatia." Kazi yote ilimchukua muda usiotosha kuchemsha chai. Wateja wakasoma, wakampa pole, wakaendelea kuagiza asali. Hakuna hata mmoja aliyemdharau. Ile aibu aliyoikimbia muda wote haikuwepo. Na ilimbidi kwenda kumweleza mama yake alichomwonyesha siku ile kwenye kompyuta. Hiyo sehemu sitawasimulia, sina nguvu nayo.

Sasa tuseme ukweli humu ndani, maana sisi ndio mfuga nyuki. Tumechafua jina la mtu, kazini, kwenye kwaya, kwenye kikao cha ukoo. Baadaye tukajua tulimwonea. Tukafanya nini? Tukaenda kwa wale tuliowaambia, tukasema tulikosea? Hapana. Tuliacha kulizungumza. Tuliacha kupita mtaa wake. Tukapiga magoti, tukamwambia Mungu atupe amani, na tulipoacha kuumia tukaita huo msamaha. Wewe umepona, sawa. Yeye je? Yeye bado anaishi chini ya maneno uliyoyasema. Watu wanamnyima kazi kwa sababu ya maneno hayo, wanamnyima mchumba, wanapunguza sauti akiingia. Na Jumapili hii labda ametoka ibadani mahali fulani, anasikiliza kama kuna kilichobadilika.

Toba inayomtuliza mkosaji tu na kumwacha aliyekosewa pale alipokuwa, wapendwa, sijui niiite nini. Toba ya kweli inamfikia yeye. Anaisikia kwa masikio yake, na wale waliosikia ubaya wake wanausikia wema wake kutoka mdomo uleule.

Nilitaka sasa tusimame tuombe. Tusisimame kwanza. Kuna mtu humu, tangu nimeanza kusema, jina moja halijamtoka kichwani. Toka nje, umpigie. Umwambie ulikosea, kisha uwapigie wale uliowaambia. Usiogope kutupita, hakuna atakayekucheka. Sisi tutakaa hapa, tutakungoja.