Jicho Lililotazama Mpakani

Kwenye mteremko wa mlima, kule ambako mibuni hukua chini ya kivuli cha migomba, aliishi mtu aliyekuwa na nyumba yenye milango miwili. Mlango wa mbele ulitazama njia wanayopita watu wote. Mlango wa nyuma ulitokea jikoni ukaishia zizini. Mtu huyo aliitwa Kirenga, na kabla ya kustaafu kazi yake ilikuwa kupima ardhi. Aliwapimia watu wengi mipaka yao, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Mkewe Anasia alipofariki, jeneza lilitolewa kwa mlango wa mbele. Jioni ya siku hiyo Kirenga aliufunga mlango ule kwa ufunguo, na tangu hapo akawa anaingia na kutoka kwa jikoni. Hakumweleza mtu sababu. Watu, kwa adabu, hawakumuuliza, wakaacha kuijia nyumba kwa mbele. Majani yakaota kwenye ngazi. Maua ya Anasia yaliyokuwa yakitambaa juu ya kibaraza yakakosa mkasi, yakashuka hadi yakauficha mlango.

Jirani yake alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Ndemasi, aliyebaki kwenye kihamba, lile shamba la nyumbani la baba yao, kama ilivyo haki ya kitindamimba. Kati ya shamba la huyu na la huyu hapakuwa na ukuta wala seng'enge. Palikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu iliyopandwa na babu yao. Kwa watu wa mlima ule, mpaka uliopandwa masale hauhitaji shahidi mwingine.

Siku ya kumzika Anasia, vijana walipokwisha kuchimba, Ndemasi alisimama mbele ya waombolezaji akasema kaburi limeyakaribia mno masale yake, lisogezwe. Watu wakainamisha macho. Kirenga alichukua jembe mkononi mwa kijana mmoja, akasogea hatua moja upande wake, akaanza kuchimba upya kwa mikono yake. Mkewe akazikwa pale, na shimo la kwanza likafukiwa tupu. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakusalimiana, hata walipokutana kwenye mfereji wa maji ambako mahasimu husalimiana.

Mvua za masika zilipokwisha, wezi walianza kuzungukia vijiji vya pale. Huku paneli ya sola imeng'olewa, kule mbuzi hayupo. Dada yao Aikaeli, aliyeolewa kijiji cha pili, alikuja kumtazama Kirenga akamwambia, "Kaka, uko peke yako. Na huyo mbwa wako naye kazeeka, habweki mpaka akumbuke. Nenda mjini ukatafute kamera."

Kirenga akaenda. Katika duka la simu alimkuta mwanamama mchangamfu aliyekuwa akihudumia wateja watatu na kunywa chai yake kwa wakati mmoja.

"Shikamoo baba. Ya ndani au ya nje? Ya waya au isiyo na waya?"

"Marahaba. Isiyo na waya. Na iwe inaona mbali."

"Mbali wapi tena, baba? Hii ni ya kulinda nyumba, si ya kutafuta mwezi wa Idi."

Wateja wakacheka, na Kirenga mwenyewe akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda. Yule mama akamwekea kamera mbili mezani. Moja ilikuwa na jicho pana: iliona ua wote, lakini haikufika mbali. Ya pili jicho lake lilikuwa jembamba na refu. Akamweleza kwamba zote mbili hutumia betri inayochajiwa na kisola kidogo, hupeleka picha kwenye simu kupitia intaneti ya nyumbani, na ili kutunza betri hulala muda wote. Kitu kikisogea ndipo huamka, zikapiga picha fupi ya video, zikalala tena.

"Chukua hii pana," akamshauri, "uiweke mlangoni. Mgeni na mwizi, wote huanzia mlangoni."

Kirenga alimshukuru, akachukua ile nyembamba. Njiani alijiambia kwamba ameinunua kwa ajili ya wezi, na akayaamini maneno yake.

Alipofika nyumbani hakuiweka kwenye mlango wa mbele, wala wa nyuma. Aliegemeza ngazi kwenye pembe ya nyumba, akapanda, akaifunga chini ya bati ikitazama masale.

Siku za kwanza simu haikumpa raha. Jani la mgomba likipepea, simu inalia. Kuku akivuka, inalia. Mbwa akijikuna, inalia. Kirenga alikuwa mtu wa kazi safi, hakuvumilia chombo kinachopiga kelele bila maana. Akakaa mezani, akaifungua picha kwenye simu, akaanza kuchora kwa kidole sehemu ambazo kamera izijali na sehemu ambazo isizijali. Akaiondoa migomba, maana upepo hauibi. Akaondoa kuku na kibanda cha mbwa. Akaondoa na kipande cha njia kinachotoka penye masale kuja mlango wa mbele, kwa kuwa mlango ule haukuwa na mgeni. Ukabaki mpaka peke yake. Simu ikanyamaza, naye akaona kwamba sasa nyumba yake inalindwa.

Jumapili moja, alipokuwa akirudi kutoka ibada ya kwanza, simu ilitikisika mfukoni. Alisimama kando ya njia akaitazama. Alimwona Ndemasi ameinama katikati ya masale, kisu mkononi, mkono mwingine umeshika mmea. Kisha picha ikakatika, maana kamera ilikuwa imelala tena.

Kirenga aliingia kwa mlango wa jikoni, akavua koti, akaenda mpakani moja kwa moja. Mstari ulikuwa pale pale. Hakuna shina lililong'olewa, ila jani moja lilikuwa limekatwa, na kidonda chake bado kilikuwa na maji. Kirenga alikigusa kwa kidole. Akasema moyoni, "Ameanza na jani, ataishia kwenye mzizi."

Jambo lile likajirudia Jumapili nyingine, na nyingine tena, saa ile ile, Kirenga akiwa bado njiani kutoka ibadani. Kila mara ni Ndemasi, ni kisu, ni kuinama, na picha inakatika. Kirenga alizihifadhi picha zote. Akawa anazitazama wakati wa kunywa chai ya asubuhi, na kila alipozitazama alizidi kuona ndani yake kile alichokwisha kukijua. Mwisho akaamua kuuita ukoo. Alijua maana ya uamuzi huo. Ukoo ukikaa juu ya mpaka wa ndugu wawili, hauinuki bila kuwatenganisha, na wakitenganishwa, watoto wao hawatazikana. Akatia simu mfukoni, akaenda kwa Aikaeli, kwa sababu kikao cha namna hiyo huitishwa na dada.

Alimkuta ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi za supu ya mtori. Aikaeli alifuta mikono kwenye kanga, akapokea simu, akatazama.

"Rudisha nyuma," alisema. "Hilo koti si lile alilovaa kwenye harusi ya mwanawe?"

"Koti halinihusu. Tazama kisu."

"Kisu nimekiona, kaka. Ila mimi sijawahi kumwona mtu anayevaa koti la harusi kwenda kung'oa mpaka." Akatazama tena. "Na akitoka hapo anaelekea wapi?"

"Sijui. Inakatika."

"Kila Jumapili inakatika?"

"Kila Jumapili."

"Basi wewe una sinema isiyo na mwisho, na unataka niwaite wazee waje waihukumu!" Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Akamrudishia simu. "Nitawaita, wewe ndiwe mkubwa wangu. Ila kwanza kaniletee mwisho wake."

Akainama akaendelea kumenya ndizi zake, kama mtu aliyekwisha kuujua.

Kirenga alirudi amekasirika. Kama dada yake alitaka mwisho, angempa mwisho. Angeigeuza kamera ifuate ile njia kutoka penye masale, ili watu waone mwivi wa ardhi anakokimbilia. Lakini kuigeuza upande huo kulihitaji kuihamishia pembe ya pili ya nyumba, na ili kuifikia pembe ya pili, ngazi haina budi kusimama mbele, kando ya kibaraza. Akaibeba begani akazunguka. Majani ya kwenye ngazi za mlango yalimfika magotini. Alikuwa hajasimama pale tangu siku ya mazishi.

Alipoyasukuma maua kwa bega ili apitishe ngazi, aliuona mlango.

Kwenye komeo lake yalikuwa yamechomekwa majani ya masale. La kwanza lilikuwa limekauka, jeusi, limejikunja. Lililofuata lilikuwa la manjano. La mwisho lilikuwa bado bichi. Kila moja lilikuwa limefungwa fundo katikati.

Watu wa mlima ule wanajua, na Kirenga alijua tangu utotoni, kwamba sale lina kazi mbili. Likiwa shambani na mizizi yake, ni mpaka. Likikatwa likafungwa fundo na kupelekwa kwa mtu, ni ombi la msamaha, na si desturi kulikataa. Baba yao aliwafundisha wote wawili kwamba msamaha hauombwi kwa mlango wa jikoni. Mwenye kosa huvaa nguo yake njema, huja kwa mbele, akabisha hodi. Asipofunguliwa, huliacha jani na kwenda kungoja nyumbani kwake. Ndemasi alikuwa ameliacha jani lake akaenda kungoja. Hakuitwa. Akaleta jingine.

Kirenga aliilaza ngazi chini taratibu. Alikaa kwenye ngazi za mlango, katikati ya majani, kwa muda ambao hakuupima. Kisha aliinuka akazunguka nyuma, akaingia kwa jikoni, akapita sebuleni mbele ya picha ya Anasia, akautafuta ufunguo. Jani la sale hupokelewa kwa kufungua, si kwa kuchungulia. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, na mlango ulikataa. Akauegemea kwa bega, kama mtu anayemsaidia mwenzake kubeba, ukafunguka. Mwanga wa jioni ukaingia hadi ukutani.

Akalichukua lile jani bichi, akaifuata ile njia aliyokuwa ameifuta kwenye picha.

Ndemasi alikuwa akimkatia ng'ombe majani. Alipomwona kaka yake na kitu alichoshika, mundu ukamponyoka mkononi.

"Kaka," alisema. "Nilidhani umekataa."

"Sikukataa," Kirenga akamjibu. "Nilikuwa natazama mpakani, mdogo wangu, na wewe ulikuwa mlangoni."

Zaidi ya hayo hawakusema mengi. Siku iliyofuata walikwenda kaburini na majembe. Ndemasi mwenyewe aliyang'oa masale yaliyokaribia kaburi, akayapanda hatua moja ndani ya shamba lake, hata lile shimo la kwanza lililofukiwa tupu likawa ndani kabisa ya upande wa Anasia. Vipandikizi vilivyobaki wakavizungushia kaburi, kama wafu wa pale wanavyopandiwa. Kirenga, aliyewapimia wengi, siku hiyo hakuchukua kamba. Aikaeli alikuja na chungu cha mtori kichwani, akauliza kama ukoo bado unahitajika. Alipoambiwa hapana, alisema heri, kwa sababu chungu chenyewe kilikuwa kidogo.

Kamera bado ipo. Kirenga aliihamishia juu ya mlango wa mbele, akayapunguza maua kidogo ili yasiizibe, na yale mengine akayaacha kama Anasia alivyoyapenda. Akaifuta ile mistari aliyoichora kwa kidole, kamera ikaanza tena kuona kila kitu. Sasa simu humlilia kwa jani la mgomba, humlilia kwa kuku, na mbwa mzee anapojikuna. Mara nyingi si kitu. Lakini kila inapolia huinuka akaenda kutazama, na akiwa karibu na mlango huufungua kabisa, maana huenda mara hii ni mtu.

Ndugu zangu, sisi sote tumeweka jicho juu ya nyumba zetu, na hakuna ubaya kulinda. Ila kabla hujawaita watu waje waone lilichokuonyesha, panda ngazi ulitazame lenyewe: umelielekeza mpakani, au mlangoni?