Giaboksi Nyuma ya Shuka

Kidole kimoja hakivunji chawa. Waliotunga methali hii bila shaka walikuwa na chawa tele, lakini tusiwacheke, maana walikuwa na akili tele pia. Kwa kidole kimoja utamviringisha chawa na kumbembeleza. Kumvunja ni mpaka kidole cha pili kije. Maana yake, hata mtu awe hodari namna gani, yako mambo hayatendeki bila mwenzake. Mzee Anyitike wa Mbeya aliijua methali hii tangu utotoni, ila aliamini ilitungwa kwa ajili ya watu wengine.

Mzee huyo alikuwa fundi wa magari katika machimbo ya dhahabu ya Chunya. Mzungu wake alipofunga virago mwaka 1953, alimwachia gari dogo la mashindano la tangu kabla ya vita, lenye viti viwili na lisilo na paa. Lilikuwa zuri kama bibi harusi, lakini giaboksi yake ilikuwa imeng'oka meno kama bibi yake bibi harusi.

Tena mzee alikuwa ameponzwa na ulimi. Binti yake, Juliana, alikuwa anaolewa Iringa, na mbele ya washenga baba mtu alitamba: "Mwanangu hataingia kwenu juu ya magunia ya viazi. Nitamleta mwenyewe kwa gari hili!" Washenga wakalitangaza neno hilo Iringa nzima. Sasa safari ilikuwa kesho alfajiri, na giaboksi ililala juu ya meza ya sebuleni, tumbo wazi kama samaki aliyepasuliwa.

Gia nzima alikwisha kuzipata kutoka gari jingine lililokufa. Ilibaki kazi moja tu, nayo ilimtoa jasho katika baridi ya Juni. Ndani ya tundu la gia hukaa vijiti vya chuma, vyembamba kama njiti za kiberiti, ambavyo sharti visimame duara wakati shafti, mhimili wa kuzungusha gia, inapopita katikati. Alivigandisha kwa mafuta ya kondoo. Akashika gia kwa mkono wa kushoto, akasukuma shafti kwa wa kulia, na upande wa pili vijiti vikaanguka, tiki, tiki, tiki! Akajaribu kuvizuia kwa kidevu. Vikaanguka.

"Baba, lori lipo," alisema mwanawe Mika, dereva wa lori la viazi, akiwa mlangoni. "Nitamtandikia Juliana gunia laini."

"Toka hapa na vidole vyako kama ndizi!"

Mkewe, Atuganile, alikuwa na mikono iliyovimba kwa baridi yabisi. Alicheka kichinichini, kisha akasema, "Baba Mika, vidole unavyovitaka vimo humu humu nyumbani. Damari akichambua mchele wa Kyela, hata jiwe dogo kama chozi la sisimizi halimpiti."

Mzee aliruka. "Mkamwana wangu? Unataka nife kwa aibu?"

Damari alikuwa mke wa Mika, na kwa mila ya Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe, hakai naye chumba kimoja, wala hamgusi. Tangu aolewe waliishi ua mmoja, na mzee alimfahamu kwa sauti ya nyayo zake tu, zikikimbilia migombani.

Atuganile alitundika shuka katikati ya sebule, juu ya meza, giaboksi ikawa mpakani, nusu huku nusu kule, kisha akamwita Damari upande wa pili. "Mila imewakataza kuonana," alisema. "Haikusema neno juu ya giaboksi."

Kazi ikaanza, Atuganile akiwa mkalimani wa watu wanaosikiana vizuri.

"Mwambie aviegemeze kwa kidole."

"Damari, uviegemeze."

"Mama, mwambie baba kimoja kimelala."

"Baba Mika, kimoja kimelala."

"Nimesikia! Mimi si kiziwi."

Shafti ikaingia polepole, ikafika nusu. Mara, ndani ya mafuta, kidole cha mzee kikakutana na kidole cha mkamwana wake. Wote wawili wakarusha mikono kama walioshika kaa la moto. Vijiti vyote vikamwagika.

Nyuma ya shuka Damari alisikika akivuta pumzi kama mtu anayezuia kilio. Mzee aliwaona akilini washenga wa Iringa wakishika mbavu kwa kicheko. Lakini pumzi ile ilimchoma zaidi. Mtoto wa watu amekuja kumsaidia, naye amemfanya ajione mkosaji.

"Mama Mika," alisema taratibu, "mwambie mwanangu kwamba kidole si uso. Vikigusana tena, asikitoe. Nami sitakitoa."

Atuganile, kwa mara ya kwanza siku ile, alilifikisha neno bila mzaha.

Wakavipanga upya. Shafti ikafika nusu, vidole vikakutana. Cha mzee hakikutoka. Cha Damari kikangoja. Kisha vyote viwili vikatulia, na shafti ikateleza mpaka mwisho, tak!

"Imeingia!" alipaza sauti Damari, bila mkalimani.

"Imeingia, mwanangu!" alijibu mzee, bila mkalimani.

"Basi mimi nimefukuzwa kazi," alisema Atuganile.

Alfajiri gari liliunguruma uani, Juliana ameketi kando ya baba yake, kichwa kimefungwa kilemba kwa ajili ya upepo. Gia ya kwanza ilikubali. Ya pili iliingia kama kijiko kwenye uji. Mzee alizunguka ua mara moja, akasimama karibu na ukuta wa jikoni, ambako alijua mtu amejificha. Akageuza uso pembeni, kama mila itakavyo.

"Ndaga, mwanangu," alishukuru kwa sauti kuu. "Iringa wakiniuliza fundi ni nani, nitasema tulikuwa wawili."

Nyuma ya ukuta kikatoka kicheko kidogo. Gari likashika njia ya Iringa, lori la Mika likila vumbi lake. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.