Ndani au Nje, Mwasiti?

Sogeeni, wanangu. Leo nimechoka, kwa hiyo nitasema polepole, nanyi msinikatize.

Zamani sana, enzi wanyama walipokuwa na nyumba na vinu na ugomvi wa mume na mke kama sisi, Bwana Nyati na Bi Nyati waliishi peke yao ukingoni mwa kijiji. Binti yao, Siwema, alikuwa ameolewa mbali. Nyumba ikawa kimya mno. Ndipo wakachukua paka jike, mdogo, wakamwita Mwasiti, wakampenda kama mtoto wa uzeeni.

Kabla yake walikuwa na paka mwingine, Sifuni. Siku moja Sifuni alitoka kuota jua karibu na ua wa mikonge. Hakurudi. Fisi alimla, na Bwana Nyati akaokota mkia tu.

Kwa hiyo Bwana Nyati akasema, "Huyu hatoki. Mlango ufungwe!"

"Baba Siwema," akasema mkewe, "paka si mtungi wa maji umweke pembeni na kumfunika kawa. Ana miguu minne huyo. Mwache atembee."

"Mtungi ukivunjika nanunua mwingine, Mama Siwema."

Wakabishana tangu mvua za vuli mpaka za masika. Mwishowe wakapatana: siku moja ndani, siku moja nje.

Ole wao! Siku ya ndani, Mwasiti alikwaruza mlango kutwa, kwaru! kwaru! Akalia, "Nyaaau!" Bi Nyati akakaa mkono shavuni, chakula hakishuki.

Siku ya nje ilikuwa zamu ya Bwana Nyati kuchoka. Alimfuata Mwasiti nyuma kwa nyuma, puu! puu! puu! kigoda begani. Panzi walisikia kwato wakaruka kabla Mwasiti hajawaona.

"Baba, huniachi hata nichimbe kashimo kangu nijisaidie?"

"Chimba. Nimegeuka."

"Uso umegeuka, Baba, lakini jicho limebaki."

Hata wakachoka wote watatu. Bwana Nyati alisinzia akitafuna. Bi Nyati aliunguza uji siku tatu mfululizo. Mwasiti naye akaacha kulia, akawa anautazama ukuta tu.

Na Fisi, wanangu, huwanusa waliochoka. Adhuhuri moja alikuja mlangoni, kichwa kimeinama.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Pembe za Bwana Nyati ziliinuka kidogo, zikashuka. "Unataka nini hapa, wewe?"

"Mzee, yale ya Sifuni yalikuwa ujana na njaa. Nimeacha. Nakuona unavyohangaika juani na mgongo huo. Zile siku za nje, nipe mimi nimchunge mtoto. Wewe ukae kivulini."

Aliyechoka sana husikia neno "kaa" tu. Bwana Nyati alifumba macho. "Haya," akasema. "Njoo kesho asubuhi." Akaanza kukoroma palepale.

Mwasiti alikuwa uvunguni mwa kitanda. Alisikia yote. Akaja akamgusa Baba mguuni.

"Baba. Umenikabidhi kwa Fisi?"

"Kwa siku za nje tu, mwanangu." Hakufumbua hata jicho. "Miguu yangu imekwisha."

Mwasiti alizitazama kwato za Baba. Zilikuwa zimepasuka kwa kumfuata miibani. Akakosa hata hasira. Akawaza: nikimwambia Mama, watagombana, na mlango utafungwa siku zote. Nikinyamaza, kesho nimeliwa.

Akaingia jikoni. Ukuta wa jikoni ulikuwa wa fito na udongo, na chini mvua ilikuwa imeulainisha. Kwa nje akamsikia Fisi akipita, akijilamba midomo.

"Mjomba Fisi!" akanong'ona kwenye ufa wa ukuta.

"Nani?"

"Mimi Mwasiti. Usingoje kesho, utakosa. Mama akipata habari atanifungia ndani mpaka nizeeke."

"Lahaula! Sasa tufanyeje?"

"Wenyewe wamelala, na hapa udongo ni laini. Toboa, ingiza kichwa, unichukue."

Fisi akasita. "Na wewe mbona unajitoa kirahisi hivyo?"

"Nimechoka, Mjomba. Ndani nimechoka, nje nimechoka. Wewe hujawahi kuchoka?"

Sauti yake ilikuwa ya uchovu kweli, maana hilo hakulidanganya. Fisi akaamini.

Paru! paru! paru! Udongo ukamwagika. Pakatokea tundu. Fisi akasukuma kichwa, kikapita. Akasukuma mabega, yakagoma. Akataka kurudi nyuma, fito mbili zikambana shingo, kwa!

"We Mwasiti! Mbona sitoki?"

"Sukuma mbele, Mjomba. Umebakiza kidogo tu."

Akasukuma. Akakwama zaidi. Hapo Mwasiti akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"NYAAAU! Baba! Mama! Fisi yumo jikoni!"

Bi Nyati alifika wa kwanza, akakuta kichwa cha Fisi sakafuni kama chungu kilichosahaulika. Akashika mwiko. Pwa! Pwa! "Mwanangu wa pili huyu? Wa pili?" Bwana Nyati alizunguka nje, akaona sehemu iliyobaki ya Fisi, akainamisha pembe, akamnasa kiunoni, akamrusha nyuma. Kubwi!

"Yalaaa!" Fisi alichomoka, manyoya ya shingo yakabaki kwenye fito. Alikimbia akapita mikonge, akapita mto, na kijiji kile hakukanyaga tena.

Bwana Nyati alirudi jikoni, akakaa chini akihema.

"Leteni maji," akasema. "Nikande udongo, nizibe."

Mwasiti akaenda kukaa katikati ya tundu. "Usizibe, Baba."

"Fisi mwingine atapita."

"Huyu mabega yalimkatalia, umeona mwenyewe. Mimi napita." Akatoka, akaingia, akatoka tena.

Bi Nyati aliweka mwiko chini, akamtazama kwa muda. "Mwasiti. Fisi umemwita wewe?"

"Ndiyo, Mama. Nilitaka tundu, na sina nguvu za kuchimba. Yeye anazo."

Hakuna aliyecheka. Bwana Nyati alitazama manyoya yaliyonasa kwenye fito.

"Nilikutoa kwa kinywa changu mwenyewe," akasema.

"Ulichoka, Baba."

"Na ukipata baya huko nje?"

"Huenda nikapata. Siwezi kukudanganya. Lakini nikikimbizwa nitakuwa na pa kuingilia, sitangoja mtu aamke anifungulie."

Bwana Nyati akapiga magoti, akazivunja ncha za fito zilizochongoka zisimchome mtoto, akaulainisha udongo pembeni kwa ulimi wake.

"Jua likizama, uwe ndani," akasema.

"Nitakuwa ndani."

"Haya. Nenda."

Akajilaza hapohapo jikoni, mkewe akamwegemea, wakalala usingizi mzito. Mwasiti akatoka. Akaona panzi juu ya jani, na safari hii panzi hakusikia kwato. Akarudi kuwachungulia wazee wake, akatoka tena. Hakuna aliyeinuka kumfungulia, wala aliyeinuka kumfuata.

Na maana yake, wanangu, ni hii: umpendaye usimfungie wala usimkabidhi ovyo, mwachie njia ya kurudi.