Shauri la Kiboko Kamatini

Paukwa! Mbona mnaitika kama waliolala na njaa? Paukwa tena! Pakawa, hivyo ndivyo. Sasa, najua kuna mtu hapa atasema wanyama hawajawahi kuwa na Bunge. Anyooshe mkono nimwone. Mimi shule niliiaga mapema, tena bila kugeuka nyuma, lakini Bunge hilo nalijua hadi kiti cha mwenyekiti wake, maana kiti chenyewe kilikuwa bwawa.

Hapo kale jua liliwaka, likawaka, likawaka. Mito ikakauka kau. Likabaki bwawa moja tu, na ndani yake amejilaza Kiboko, mwenyekiti wa Kamati ya Masilahi ya Wabunge. Ukitazama, maji huyaoni. Unaona mgongo.

Mbunge aliyelia kiu uwanjani alinyamazishwa. Kiboko alifunua kinywa, akasema mambo ya masilahi hayapigiwi kelele, yaletwe kamatini kwa utaratibu. Na huko kamatini alikuwa ametunga kanuni yake: mwenye shauri hakai kikaoni shauri lake likisemwa. Swala akaleta kiu yake, akatolewa nje. Akarudi, akaambiwa limekwisha. Nyani akaleta kiu yake, akatolewa nje. Akarudi, akaambiwa limekwisha. Limekwishaje? Kiboko alijibu kwa kuzama. Chubwi!

Basi kulikuwa na Pimbi, mbunge wa Miambani, kijinyama cha kuenea kapuni. Ndiye yule asiye na mkia, kwa sababu siku mikia inagawiwa alimtuma mwenzake amchukulie. Asubuhi moja aliwakuta watoto wake wanalamba jiwe kutafuta umande, na umande haupo. Mdogo wao hata kulamba aliacha. Amelala tu, ulimi nje. Pimbi akajiambia, safari hii simtumi mtu.

Akashuka, tipu, tipu, tipu, hadi ukingoni.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nina shauri la masilahi."

"La kiu, bila shaka."

"Kiu ya nani? Shauri ni lako wewe, bwana mkubwa. Mtu mzito kama wewe kubanwa kwenye kidimbwi hiki ni aibu ya Bunge zima. Wabunge wanataka upewe mto. Uko ng'ambo ya kilima, mpana, majani laini ukingoni, na ndani hamna mbunge hata mmoja."

Mto huo Pimbi hakuwahi kuuona. Aliutunga palepale, koo limemkauka.

Masikio ya Kiboko yakacheza, pe, pe, pe. Akaagiza kamati ikae mara moja. Pimbi akasema itakaa, ila mwenye shauri, kama kanuni inavyotaka, atapisha kwanza. Kiboko akatazama maji, akawaza mto. Kanuni ni yake mwenyewe. Akiivunja, azimio litabatilika na mto utampita. Akanyanyuka. Bwawa likashusha pumzi. Akatoka, gudu, gudu, gudu, akaenda kuketi juani nyuma ya kichuguu.

Kamati ikaingia majini. Hakuna aliyechangia hoja, midomo ilikuwa na kazi. Gugu, gugu, gugu. Pimbi akawaita watoto wake, na yule mdogo akamtumbukiza mdomo majini, akamshikilia mpaka alipoona masikio yamesimama. Hapo Pimbi akaketi matopeni kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Kamati imemaliza?" Kiboko akauliza kutoka kule nje.

"Bado, Mwenyekiti," akajibu Kobe, katibu, kidevu kikichuruzika. "Tunakuongezea majani."

Jua likawaka. Ngozi ya Kiboko ikaanza kuiva.

"Kamati imemaliza?"

"Bado, Mwenyekiti. Tunakuongezea kivuli."

Jua likawaka. Ngozi ikapasuka, pasu, pasu.

"Kamati imemaliza?"

"Bado, Mwenyekiti. Tumefika kwenye upana wa mto, tunataka utoshe tumbo."

Kiboko akashindwa. Akasema majani yanatosha, kivuli kinatosha, wampe mto ulivyo. Wakaafiki kwa sauti moja. Hakungoja azimio lisomwe. Alikwea kilima mbio, vumbi likitimka nyuma yake. Ndiyo maana hadi leo hapendi kutoka majini jua likiwaka: anaogopa kusikia kamati yake inakaa.

Jioni ile walikunywa, wakanywa tena kwa kuwa tu maji yapo. Watoto wa Pimbi walilala matumbo yakicheza maji, na baba yao akakoroma kabla yao.

Ngano yangu imefika ukingoni, anayeitaka na azame aifuate. Funzo lake: waheshimuni wakubwa, na shida zenu msizipigie kelele. Zipelekeni kamatini, mtasikilizwa vizuri sana, hasa mkiwa hamna shida.

Haya, acheni kunikodolea macho. Kuna kipande nilikiruka. Mto upo. Kiboko aliukuta kweli, mpana, majani laini ukingoni, na sasa amenona hadi shingo imepotea. Habari ilipofika bwawani, wa kwanza kukimbilia kamatini kuomba naye akatiwe kipande cha mto alikuwa Pimbi. Akatolewa nje kwa mujibu wa kanuni. Hadi ninavyosema yuko nyuma ya kile kichuguu, anauliza kama kamati imemaliza.

"Bado, Mheshimiwa," Kobe anamjibu. "Tunakuongezea mkia."