Jani Lililowekwa Dirishani

Wapendwa, vitabu vya nyimbo vifungeni kwanza. Tulieni, niwape habari ya mama mmoja. Na wala msigeuze shingo kumtafuta, hayupo kwenye benchi lolote la kanisa hili, nimemtunga mwenyewe. Ila mtu akijisikia kuwashwa wakati naongea, hiyo itakuwa juu yake.

Tumwite Mama Eliakunda. Alikuwa mjane, mtu wa migombani huko Uchagani, na katika usharika wake hakuna aliyemfikia kwa kujiandaa kufa. Naona mnacheka. Chekeni tu, mimi nasubiri. Ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake kulikuwa na gauni jeupe limepigwa pasi, soksi nyeupe, na kitambaa cha kichwa. Mahali pa kaburi alishaonyesha: pembeni ya mumewe, tena upande wa juu, maji ya mvua yasimsumbue. Wimbo wa kuingizwa kanisani alishauchagua, na mwalimu wa kwaya alishaonywa kwamba uimbwe beti zote, asije mtu akaukata katikati kwa kuwa ana haraka ya kwenda kula.

Binti yake, Eliakunda mwenyewe, kila alipokuja kutoka mjini aliyasikia maneno yaleyale.

"Chakula kitoshe, mwanangu. Siku hiyo ukiniaibisha kwa chakula, sitapumzika humo ndani."

"Mama jamani! Ndiyo kwanza nimeshusha mzigo. Hayo ya kufa si tutayaongea siku nyingine?"

"Siku nyingine ipi? Wewe unaijua? Mimi niko tayari. Bwana akiita hata kesho, naitika."

Na watu walimsifu. Mchungaji wake aliwahi kumtaja madhabahuni kuwa ni mfano wa kuigwa. Mama wa watu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini moyoni raha tele.

Sasa mtaniuliza, kwa nini chakula? Mbona hakusema sala, hakusema watoto wapendane, akasema chakula? Hapo ndipo kidonda kilipokuwa.

Jirani yake aliitwa Mama Shose. Waliolewa mwaka mmoja, mashamba yao yakiwa yamepakana. Walikuwa wanaombana moto na chumvi, na mmoja akienda sokoni mwenzake anamnyonyeshea mtoto. Basi siku ile Mama Eliakunda alipomzika mumewe, wanawake wakiwa nyuma ya nyumba wanaosha vyombo, Mama Shose akapitiwa na ulimi. Alisema, "Wageni wa mbali wameondoka na njaa. Chakula hapa kimebanwa, bwana." Ni hayo tu. Lakini maneno ya kwenye vyombo mnayajua yanavyotembea. Kabla jua halijazama yalishamfikia mjane, akiwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu.

Aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia. Nisimwonee. Tangu siku hiyo hakumsemesha tena Mama Shose. Wakikutana njiani, mmoja anaangalia migomba. Kanisani, ibada ikifika pale pa kupeana mikono ya amani, Mama Eliakunda alikuwa anainama kutafuta leso ambayo haikuanguka. Miaka ikaenda hivyohivyo, na nywele zao wote wawili zikawa nyeupe.

Kwa ninyi msiotoka kule, niwaeleze jambo moja. Kuna mmea unaitwa isale, wenye majani marefu ya kijani. Wameupanda mipakani na makaburini. Mchaga akikukosea, akaja kwako na jani la isale lenye fundo mkononi, amekuja kuomba msamaha, na hapo hana tena cha kujitetea. Wewe ukilipokea, umesamehe, mambo yamekwisha. Na kulikataa hulikatai. Watu wanaogopa. Hata mkorofi wa kijiji, yule asiyeogopa mwenyekiti wala polisi, akiletewa isale anapoa.

Siku moja mchana, Mama Eliakunda amekaa mlangoni anamenya ndizi mbichi, akamwona Mama Shose anavuka mpaka. Alimwona tangu mbali. Na jani alilokuja nalo aliliona.

"Hodi hapa."

"Nani?" Aliuliza hivyo, na macho anayo.

"Ni mimi, Mama Shose."

"Haya, karibu."

Mama Shose hakukaa. Alilishika lile jani kwa mikono miwili, limefungwa fundo.

"Mwenzangu, nilikukosea. Nilisema neno baya, tena siku ya msiba wako. Sina cha kujitetea. Mimi nimezeeka, wewe umezeeka. Nimekuletea isale."

Jamani, miaka yote ile Mama Eliakunda alikuwa anaingoja saa hii! Alishaiona mara nyingi kichwani akiwa amelala. Lakini sasa imefika, akajiona hataki iishe upesi namna hiyo. Akipokea, basi, ndiyo imekwisha, na ile hasira aliyoilea muda wote ataipeleka wapi? Tena mbona amekuja peke yake, mbona hakuja na wazee, watu wakaona anavyonyenyekea? Akatamani aje tena. Mara moja tu, akiwa na watu. Kukataa, hapana, aliogopa. Basi akatafuta njia ya katikati, na akaipata.

"Ah, Mama Shose. Si unaona mikono yangu ilivyo, utomvu mtupu. Niwekee hapo dirishani. Nitalichukua."

"Nisubiri unawe?"

"Wewe nenda tu, mimi nina shughuli. Si nimeshasema nitalichukua?"

Mama Shose akaliweka dirishani, akalinyoosha vizuri lisianguke, akaenda zake.

Mmeiona akili hiyo? Hakulikataa. Mtu asije akasema alilikataa! Na kulipokea hakulipokea. Jioni alinawa mikono, akala, akasali, akalala. Jani likabaki pale pale kwenye dirisha la chumba chake. Alipofagia na kufuta vumbi, alifuta kuzunguka jani, kitambaa kisiliguse.

Alisema atalichukua kabla ya Pasaka. Pasaka ikaja, akaenda mezani kwa Bwana, akanyoosha mkono akapokea mkate. Mkono huohuo, wapendwa. Akasema basi mvua ziishe. Zilipoisha, akasema angoje Eliakunda aje, awe shahidi. Eliakunda akaja, wakaongea habari za gauni jeupe. Na jani likakauka, likajikunja, likawa na rangi ya majani ya chai. Alikuwa analiona kila asubuhi akifungua pazia, na kila asubuhi lilimchoma kidogo. Alijua ni aibu. Akajiambia, "Nipo. Yeye yupo. Haraka ya nini?"

Asubuhi moja alikuwa ameinama anamkatia ng'ombe majani. Akasikia kichwa kizito, na upande wote wa kulia ukamwacha.

Mnajua nani alimkuta? Ng'ombe alilia kwa njaa mpaka akamshangaza jirani. Mama Shose akavuka mpaka, akamkuta mwenzake chini kwenye majani, mdomo umeenda upande. Akapiga yowe, watu wakaja, wakambeba hospitali. Baadaye wakamrudisha nyumbani, kwa sababu daktari alisema kilichobaki ni kumtunza. Mkono wa kulia umekufa. Kusema hawezi, anatoa sauti tu kama mtu anayetaka kukohoa. Lakini akili, akili yote ilikuwa nzima. Alikuwa anawasikia wote, anawaelewa wote.

Eliakunda akaja kumuuguza mama yake, na kila siku Mama Shose alikuwa anakuja kumsaidia. Alimwogesha. Mama Eliakunda alifumba macho kwa haya, akiwa uchi mikononi mwa mtu ambaye kwa miaka hakumpa hata salamu. Alimlisha uji kwa kijiko, na uji ulipomwagika kidevuni, Mama Shose aliufuta kwa pindo la kanga yake mwenyewe. Kila kijiko kilimshuka Mama Eliakunda kama kaa la moto. Alitamani angalau asemwe vibaya, atukanwe, aambiwe, "Unaona sasa?" Hakuambiwa neno. Aliambiwa tu, "Pole, mwenzangu. Meza kidogo."

Siku moja akajikaza. Mkono wa kushoto ulikuwa bado na nguvu kidogo. Akauinua, akaonyesha dirishani. Alitaka aletewe jani. Alitaka walilete alishike, basi, walimwengu waone ameshika.

"Mama anaonyesha nini?" Eliakunda akauliza. "Tangu jana anaonyesha kule."

"Labda jua linamuumiza macho," akasema Mama Shose, akainuka kwenda kufunga pazia.

Akafika dirishani. Nyuma ya pindo la pazia, akaliona.

Lilikuwa pale pale alipoliweka yeye mwenyewe, fundo lake halijafunguliwa, limekauka, na vumbi limelifunika. Mama Shose alilitazama, mgongo kwao. Alipogeuka, macho yalikuwa yamejaa machozi, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Nimeliona, mwenzangu. Nimekuelewa. Kumbe bado. Basi, sitakusumbua tena na habari hiyo."

Mama Eliakunda akapiga kelele! Akapiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo, siyo hivyo, siyo hivyo, lete, nipe! Kilichotoka ni ile sauti ya kukohoa. Akatikisa kichwa. Wakadhani ana maumivu. Eliakunda akamshika mabega, "Tulia, mama, tulia." Na Mama Shose akavuta pazia taratibu, akarudi, akakaa kitandani, akachukua kijiko.

"Haya," akasema. "Tumalizie uji."

Akamlisha mpaka bakuli likaisha. Akimlisha, anaamini kwamba hajasamehewa. Na yule anayelishwa anajua, na hawezi kumwambia. Wiki hiyohiyo Mama Eliakunda akafa, na aibu yake kifuani. Mazishi yalikuwa mazuri, kila kitu kama alivyoagiza. Watu walipokwenda kuweka maua, Mama Shose alikaa nyuma kabisa kama mtu asiyealikwa. Aliona hastahili kusogea.

Sasa, wapendwa, niambieni. Huyu mama alikuwa tayari au hakuwa tayari?

Aliandaa mazishi, hilo hatubishani. Gauni alikuwa nalo, wimbo alikuwa nao. Kufa kwenyewe ndiko hakukuandaa, na kwa sababu mazishi yalikuwa yamepangwa vizuri, alidhani amemaliza.

Na sisi je? Tukisikia habari ya watu wanaomkataa Mungu, tunatikisa vichwa, tunasikitika. Nani humu ndani amemkataa Mungu? Anyooshe mkono. Hakuna! Sisi hatukatai. Sisi ni watu wa adabu, tunamkaribisha vizuri, tunamwambia, "Bwana, mikono yangu ina utomvu leo, niwekee hapo dirishani." Toba tumeiweka dirishani. Yule ndugu usiyemtembelea tangu mgawane shamba, umemweka dirishani. Mke unayelala naye kitanda kimoja mnaongea kupitia watoto, dirishani. Na tunaliona jani kila asubuhi, linatuchoma kidogo, halafu tunafuta vumbi kulizunguka na kuja kanisani tumependeza.

Tunaogopa moto wa jehanamu, na tuogope. Lakini mimi kuna jambo linanitia aibu hata kabla ya moto. Kila siku inayokucha Mungu anatulisha. Pumzi yake, maji yake, mvua yake, mahindi yake. Amekaa ukingoni mwa kitanda chetu na kijiko mkononi, na jani aliloleta, ingawa hakutukosea lolote, analiona pale lilipo. Yeye hatutukani. Anatuambia tumeze kidogo. Tutamtazamaje usoni, jamani? Siku mkono ukishindwa kuinuka, tutamtazamaje?

Bwana alituagiza tukeshe. Kukesha siyo kujua utazikwa wapi na utaimbiwa nini. Kukesha ni kunawa mikono wakati maji bado yako karibu na mkono bado unatii. Tunahesabu kwamba tutakuwa na kitanda cha kufia, na watu wamekaa pembeni, na sauti ya kusema "nisamehe". Nani alituahidi hiyo sauti? Huyu mama alipata kitanda, akapata na watu, na yule aliyemtaka akaja mwenyewe mpaka karibu ya mdomo wake. Kilichokosekana ni neno moja, na neno hilo alikuwa nalo miezi yote ile, zima kabisa, mdomoni.

Kwaya, kaeni. Leo hatuimbi hapa. Mimi nanyamaza, na tutakaa kimya. Kama mtu wako yuko humu ndani, inuka umfuate alipokaa. Na kama yuko nyumbani, mlango ule pale nyuma uko wazi. Toka sasa hivi, uende. Hakuna atakayekuuliza umekimbilia wapi katikati ya ibada.