Ufunguo wa Gari la Vitunguu

Sogeeni karibu. Mwenye hasira zake aziache hapo mlangoni, maana hadithi hii inazo za kutosha, na nyingine zitabaki.

Kule mlimani, juu ya bonde linalolimwa vitunguu, palikuwa na mjane aliyeitwa Mama Margwe na wanawe watatu. Mkubwa, Akonaay, alikuwa na kipaji cha kutafuta. Mwambie bibi kapoteza sindano shambani mwaka juzi, Akonaay atarudi nayo ikiwa na uzi wake. Wa pili, Apolonia, alikuwa na kipaji cha mwili. Mkalishe ndani ya gari, mfunge macho kwa kitambaa, atakuambia tairi lipi limepungua upepo na raba ipi imelegea kule chini. Kitinda mimba, Lohay, kipaji chake kilikuwa mikononi. Bolti iliyoganda kwa kutu miaka kumi, iliyowashinda mafundi wa mjini, Lohay aliibembeleza, akaitukana, akaibembeleza tena, ikatoka.

Na palikuwa na gari, Landikruza kuukuu ya marehemu baba yao. Baba alipokuwa anakufa aligawa ng'ombe, akagawa shamba, gari hakulitaja. Ng'ombe na shamba vilikwenda kwa wavulana, kama ilivyo desturi. Apolonia alipewa pole na khanga mbili. Kwa hiyo gari lile ndilo kitu pekee pale nyumbani ambacho angeweza kukinyooshea mkono bila mtu kumwambia rudisha mkono wako. Hakulisahau jambo hilo hata siku moja. Ufunguo mama aliuvaa shingoni, kwenye kamba.

Basi, mwaka mmoja vitunguu vilikubali sana, na gari likawa linabonyea nyuma kila likipakiwa. Hapo ndugu hao wakafanya kosa ambalo kila mtu wa bonde lile hulifanya: walidhani gari gumu ndilo gari zima. Springi za gari lile ni vyuma virefu vilivyolaliana. Akonaay akatafuta vyuma viwili zaidi kwa kila upande. Lohay akavifunga. Apolonia akaliendesha na magunia kumi na mawili mgongoni, wala halikuyumba. Wakapongezana, wakanywa chai.

Mvua zilipoanza, mama akateleza kwenye tope la zizi akavunjika nyonga. Gari jingine la kuupanda mlima ule wakati wa mvua halikuwepo. Wakamlaza nyuma juu ya godoro, Apolonia akashika usukani. Jamani! Springi zilizofungwa kwa ajili ya vitunguu zitamjulia wapi mama mmoja mwembamba? Kila jiwe lilimrusha. Shokapu, ambazo kazi yake ni kutuliza mruko, zilikuwa zimekufa zamani, mafuta yote yamevuja. Mama yule aliwazaa watoto watatu bila majirani kusikia sauti, lakini siku ile alilia mpaka watu wakatoka mashambani. Kilomita nne hazikutimia, wakageuza.

Mganga wa zahanati akaja kwa pikipiki, akamchoma sindano ya maumivu. "Nyonga hii haisubiri," akasema. "Mfikisheni hospitali ndani ya siku kumi, la sivyo hatatembea tena."

"Sipandi," mama akasema. "Mmenifanya gunia. Niacheni nioze kitandani kwangu."

"Mama, tutalitengeneza," Apolonia akasema.

"Mlitengeneze? Si ndivyo mlivyofanya?" Mama akaushika ufunguo pale shingoni. "Haya, nisikilizeni. Atakayenifikisha bila kunitoa chozi, gari ni lake. Mtu mmoja! Sitaki gari la ushirika. Ushirika wenu nimeuona."

Wakatoka nje, na hapo ndipo moto ulipowaka. "Nani alileta yale machuma?" Lohay akafoka. "Nani aliyafunga?" Akonaay akajibu. Kisha wote wawili wakamgeukia dada yao: "Na nani aliendesha kama anafukuzwa na nyuki?" Apolonia akawapa mgongo. Alikuwa amemsikia mama akilia nyuma ya kiti chake, na mguu wake mwenyewe ndio uliokuwa juu ya mafuta. Hasira ya mtu anayejua ana kosa ni mbaya kuliko zote, haina pa kwenda. Akaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Akonaay alikuwa na maksai wawili wa plau, na mtu asiye na jozi hana kilimo. Alfajiri akamfungua mmoja, akamswaga siku mbili hadi mjini, kwenye gereji inayohudumia magari ya watalii. Siku mbili nyingine akalala pale getini. Wakamfukuza, akarudi, wakamfukuza tena, akarudi. Mwishowe fundi mmoja akachoka naye, akampa shokapu nne nene zilizotolewa kwenye gari lililopinduka, naye fundi akamchukua maksai. Zilikuwa zile zenye kirungu kidogo pembeni: ukikizungusha kinalia tik, na kila tik inaongeza ugumu au inaupunguza. Akonaay akarudi kwa lori la mahindi hadi chini ya mlima, akapanda kwa miguu, kamba tupu ya maksai imefungwa kiunoni. Siku tano zilikuwa zimekwisha.

Lohay hakuwa amekaa. Alikuwa amechimba shimo nyuma ya nyumba, kina cha mtu hadi kifuani, yeye na Apolonia wakalisukuma gari juu yake. Jeki ilikuwa moja, na mbovu. Alitoa matairi, akavua vile vyuma vya ziada kimoja kimoja, akipiga bolti nyundo na kuzitukania mama zao, mpaka mama wa kweli akampigia kelele kutoka ndani anyamaze. Nyundo ilimponyoka ikamponda kidole gumba, kucha ikawa nyeusi tii. Shokapu zilipofika zikawa hazilingani na vishikizo vya gari. Lohay akalitazama plau la kaka yake, lililobaki na maksai mmoja. Akalivunja. Akatwaa chuma chake, akakipasha moto jikoni kwa mama, akakitoboa, akatengeneza vishikizo vipya. Akonaay alipoliona plau lake limekuwa vipande, alinyanyua mkono ampige, kisha akaushusha. Siku ya nane, magurudumu yalikuwa chini.

"Tayari," Lohay akasema. "Mleteni mama."

"Tayari kwa nani?" Apolonia akauliza. "Mnataka kumjaribia mama mwenyewe? Ebo! Mara hii mtanijaribia mimi."

Akalitandika godoro lile lile, akalala chali mahali pale pale, akaweka beseni la maji tumboni, limejaa hadi mstari alioukwaruza ndani yake. Akonaay akashika usukani. Njia ikawa ile ile iliyomtoa mama machozi. Safari ya kwanza maji yote yaliishia usoni kwake, na ubavu ukagonga bodi. "Punguza tik nne, zote," akamwambia Lohay. Safari ya pili gari likawa laini mno, likabembea kama mlevi, akatapika. "Ongeza mbili nyuma. Mbele ongeza moja." Safari ya tatu, ya nne, ya tano. Lohay akachoka kulala kwenye matope kuzungusha virungu. "Dada, unajisikilizia nini? Gari liko sawa!" Apolonia akamjibu meno yameumana: "Tairi la nyuma kushoto linapiga teke. Tik moja. Zungusha au nishuke nizungushe mwenyewe." Safari ya saba, beseni lilirudi na maji yake yote. Apolonia hakuweza kuinuka peke yake, ubavu wote umevilia damu. Kaka zake walimwinua, mmoja kila upande.

Siku ya tisa wakampakia mama. Nani aendeshe? Ugomvi tena! Wakaigawana njia kama nyama, theluthi kwa kila mmoja, ili asije mtu akasema usukani wake ndio uliomfikisha mama. Waliposhika mlima, Apolonia alikaa nyuma, akimtazama mama usoni akilisubiri chozi. Halikutoka. Baada ya mto wa pili mama akafumba macho, na Apolonia akashtuka, akaweka sikio kifuani kwake. Mama alikuwa amelala. Siku tisa hakuwa ameupata usingizi wa kueleweka, akalala juu ya mawe yale. Apolonia akalia yeye, kimya kimya, akashukuru kwamba chozi lake halihesabiwi.

Wakafika. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, na wanawe wameanza tena.

"Bila shokapu mngefunga nini? Miguu ya kuku?" Akonaay akasema. "Nimebaki na maksai mmoja. Sina jozi, sina plau, sina msimu. Gari ni langu."

"Shokapu zako ungezifungia begani?" Lohay akasema. "Bila mikono hii yangekuwa mabomba manne tu. Gari ni langu."

"Na mimi?" Apolonia akauliza.

Kaka zake wakatazamana. "Wewe dada," Lohay akasema, tena kwa upole, ndiyo maana iliuma zaidi, "wewe ulilala tu."

Loo! Hasira iliyopanda kwa Apolonia siku ile ningekuwa na chungu cha kuitia, tungepika wiki nzima. "Nililala?" akasema. "Sawa, nililala! Hata mama alilala, mkamuua kidogo kidogo kwa gari lenu zima! Shokapu mlileta, mkafunga, mkasema tayari. Mngempandisha siku ile angelia kabla ya mto wa kwanza. Ng'ombe mlipewa, shamba mlipewa, nikanyamaza. Leo sinyamazi!"

"Nyamazeni wote!" Mama akainua kichwa. "Mikono mitatu ndiyo iliyoniumiza, na mikono mitatu hiyo hiyo ndiyo iliyonifikisha. Nilipokuwa nalia mlikuwa mnarushiana kosa kama kaa la moto. Leo ni sifa, kila mtu anaikumbatia peke yake. Hamna haya?"

Wakainama. Mlango ukafunguka, muuguzi akatoka.

"Mama, tunaingia. Lakini huingii na chuma mwilini. Vua hicho kilicho shingoni."

"Niwekee, mwanangu."

"Sisi hatutunzi vya wagonjwa, mama. Mpe mmoja wa watoto wako. Upesi, daktari anasubiri."

Mama akaivua kamba, akaufumbata ufunguo. Viganja vitatu vikanyooshwa juu ya kitanda. Kimoja kilikuwa na alama ya kamba ya maksai. Cha pili kilikuwa na kucha nyeusi. Cha tatu hakikuwa na alama; kunyoosha mkono tu kulimchoma Apolonia ubavuni, lakini hakuurudisha.

Mama alijua kwamba neno lake amelitoa na halirudi, na ni la mtu mmoja. Alijua pia kwamba huenda asitoke mle ndani kuja kuwapatanisha.

"Mama," muuguzi akasema, "yupi?"

Mimi nimefika hapo, na sina la kuongeza. Kitanda kinasubiri, na viganja bado vimenyooshwa. Wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo, hebu shika ufunguo huu. Je, ungeufumbua mkono wako juu ya kiganja cha nani? Na wale wawili watakaobaki watupu, ungewatazamaje?