Ramani Isiyofunguka Kang'ata

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa na maana ya chawa peke yake. Walitaka tujue kwamba anayetudhuru mara nyingi yu karibu kuliko tunavyodhani. Ni methali tamu sana ukimwambia mwenzako. Ukasha alimwambia mwenzake, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Ukasha alikuwa kijana wa Kang'ata, wilayani Handeni, aliyepanga chumba cha ofisi Manundu, mjini Korogwe. Humo alitengeneza tovuti pamoja na Lea, binti wa Vugiri. Msimu uliopita, lori lililokuwa linakwenda kununua machungwa ya kikundi cha shangazi yake Mashavu lilidakwa na madalali njia panda, likaelekezwa mashamba ya watu wengine. Machungwa ya kikundi yakaoza wenyewe wakiyatazama. Safari hii Ukasha aliwawekea tovuti yenye ramani ya njia hadi kwenye ghala lao, na mnunuzi akaahidi kwamba dereva ataifuata ramani hiyo kwa simu yake, asimsikilize mtu.

Asubuhi ya siku ya lori, machungwa yakiwa yamekwisha kuchumwa, simu ya Ukasha ikalia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Hiyo ramani yako mbona haipo? Tunaona kiboksi cheupe kimeandikwa ufunguo hauruhusiwi. Dereva yuko njia panda ya Mkata, naye anaona hivyo hivyo. Sasa aje kwa kunusa?"

Ukasha akaigeukia kompyuta yake. Ramani ilikuwa imetulia pale, na njia ya Kang'ata inaonekana wazi hadi mlangoni mwa ghala.

"Shangazi, mbona hapa ipo?"

"Kwani sisi tuko hapo?" Mashavu akamjibu, akakata simu.

Ufunguo uliotajwa haukuwa wa chuma. Ulikuwa mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu ambao kampuni ya ramani humpa mwenye tovuti, ili kiprogramu kilichopachikwa kwenye tovuti yake kiruhusiwe kuchota ramani. Ukasha aliutunza kama mboni ya jicho. Juzi tu, aliposikia kwamba funguo za namna hiyo huibwa, aliuwekea vizuizi, akalala usingizi mnono.

Akaanza kuhangaika. Alikiondoa kile kiprogramu, akakipachika upya. Hapo ofisini ramani ikafunguka, kwenye kompyuta na hata kwenye simu yake, Kang'ata ikakataa. Aliibadilisha rangi ya ukurasa mzima, jambo ambalo hata yeye hakujua litasaidia nini. Akailaumu mitandao ya simu ya Handeni, lakini Mashavu akasema tovuti nyingine zinafunguka vizuri tu. Kichwa kikamzunguka kama pia. Kitu kimoja kinawezaje kuwa kizima na kibovu kwa wakati mmoja?

Simu ikalia tena. "Ukasha mwanangu, dereva anasema madalali wameshamzunguka. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu wakuamini. Nitawatazama vipi?"

Ukasha alitamani ardhi ipasuke immeze. Hapo ndipo macho yake yalipomwangukia Lea. Si ndiye aliyeuomba ufunguo ule wiki iliyopita, ajaribie tovuti ya wakulima wa mboga wa kwao Vugiri?

"Lea, ufunguo wangu umeufanya nini?"

"Mimi? Uliponinyima sikuuliza tena, kaka Ukasha."

"Ni sisi wawili tu tunaoingia humu. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea."

Lea akachukua mkoba wake, akatoka, na mlango akaurudisha taratibu.

Haikupita muda, umeme ukakatika. Kompyuta ikazima, na taa za kifaa cha intaneti cha ofisi zikazima nazo. Ukasha akatoa simu yake, akawasha bando lake mwenyewe, akaifungua tovuti. Kiboksi cheupe. Ufunguo hauruhusiwi.

Alikitumbulia macho kiboksi kile. Simu ni ile ile, chumba ni kile kile. Kilichobadilika ni kwamba sasa hakuwa kwenye intaneti ya ofisi. Akaingia kwa simu ile ile kwenye akaunti yake ya ramani, akakuta kizuizi alichokiweka juzi kwa mkono wake: ufunguo ukubaliwe kwenye intaneti ya ofisi ya Manundu, kwingine kokote ukataliwe. Alikuwa amefanya kama wafanyavyo kwao Kang'ata ng'ombe wanapoanza kuingia mashambani: unazungushia miiba shamba lote, unaacha upenyo mmoja tu unaoelekea nyumbani kwako. Sasa wageni aliowaalika mwenyewe walikuwa nje wanachomwa miiba.

Akakiondoa kizuizi kile, akaweka kingine: ufunguo ukubali kila anayepitia tovuti ya kikundi, popote alipo. Akampigia shangazi.

"Imekuja!" Mashavu akapiga kelele. "Dereva naye kaiona, anawasha gari. Kumbe ugonjwa ulikuwa nini?"

"Mimi, shangazi. Nilikuwa mimi."

Kisha akampigia Lea, aliyekuwa stendi akisubiri gari la Vugiri. Akamweleza yote, hakuficha hata moja, akamwomba radhi.

"Nimekusikia," Lea akasema. "Ulinipekua mimi, Ukasha. Shati lako hukuligusa. Gari limekuja, ngoja nipande."

Jioni machungwa yote yalipakiwa, na kina mama wa Kang'ata wakampigia simu kumwombea dua. Ukasha aliwaitikia akikitazama kiti kitupu cha Lea, na kila alipoitikia "amina" alijiona mwongo. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.